Maji Yanaenda Mkono Gani

Kobe hakupewa jina hilo kwa sababu ya uvivu. Miguu yake ilikuwa myepesi na jembe alilishika kama mtu aliyezaliwa nalo. Aliitwa Kobe kwa sababu ya shingo. Mgeni akipiga hodi, au mtu akimtupia swali mbele za watu, kichwa kilizama mabegani, kidevu kikagusa kifua, na hapo hata umpigie tarumbeta hatoki. Aliyembandika jina hilo ni shangazi yake, ambaye alimlea tangu binti huyo alipoacha shule darasa la tano ili amuuguze mama yake.

"Mtoto huyu," Shangazi alikuwa akiwaambia watu, "ukitaka atoe neno, mwekee jani la mboga kisha uondoke."

Shangazi mwenyewe hakuwa na shida ya maneno. Alikuwa na mkono wa shoto na mdomo wa pande zote. Alilima kwa shoto, alichota maji kwa shoto, na alipokuwa kijana makofi yake yaliwashangaza watoto kwa sababu yalitokea upande ambao hawakuutazama.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mteremko aliouacha babu yake Kobe. Zamani ulikuwa shamba. Sasa ulikuwa mtupu kama kichwa kilichonyolewa, hauna mti wala jiwe la kuutambulisha, maana kila mvua ilichukua udongo kidogo na kuuteremsha barabarani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa nyumba ya Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi. Kila msimu alionekana mlangoni kwake na beleshi, suruali imekunjwa magotini, akikwangua tope jekundu huku akitaja majina ya watu waliokufa.

Mwaka huo Baba Mdogo alichoka. Mfyatua matofali wa pale mjini alikuwa ameuona mteremko akaupenda: udongo mzuri, barabara karibu. Alitaka auchimbe wote mpaka ubaki tambarare. Shangazi na kundi lake la akina mama walitaka wapewe nafasi ya kuufufua.

"Sawa," Baba Mdogo alisema. "Mvua kubwa ya kwanza ikipita na tope lisifike mlangoni kwangu, mteremko ni wenu, sitauliza tena. Likifika, mfyatua matofali anaingia kesho yake. Na usije ukalia, Dada."

"Mimi nilikubeba mgongoni wewe," Shangazi akamjibu. "Kati yetu, nani alikuwa analia?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mvua moja, mlango mmoja.

* * *

Aliyewaunganisha na watu wa mbali ni Fundi Simu. Kibanda chake kilikuwa pale njia panda, kimejaa simu zilizofumuliwa matumbo, na juu ya meza ya kazi kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa mpira ili isiachane. Siku moja alimwonyesha Shangazi kundi la mtandaoni alilolikuta akitafuta mambo yake mengine. Walikuwa wakulima wa nchi nyingi wanaofuata kile walichokiita kilimo cha kudumu, yaani shamba linalopangwa lifanane na msitu: maji yanashikwa, udongo unafunikwa, mimea inasaidiana, na ardhi haichoki. Walikutana kwenye video kila Jumamosi mchana. Kila mmoja alionyesha shamba lake na wengine wakalijadili kama lao.

Fundi Simu ndiye aliyekuwa mkalimani, na hakuna tafsiri aliyoiacha bila chumvi. "Huyu bwana anasema habari zenu," angesema. "Na anasema fundi wenu ni kijana wa maana sana."

"Amesema hayo?"

"Kwa macho."

Kundi hilo lilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Hakuna aliyeruhusiwa kushauri shamba ambalo hajaona maji yake. Mwenye shamba alimwaga ndoo kadhaa juu, akapiga video ya maji yakishuka, huku akieleza kwa sauti yake anachokiona. Mfuga nyuki wa milima ya mbali alikuwa akieleza kama mtangazaji wa mpira. Mama mmoja wa nchi ya baridi, ambaye zamani alikuwa mpimaji ardhi na sasa magoti yalimkatalia kupanda vilima, aliziangalia video hizo kwa utulivu kisha akachora ramani: mitaro ipite wapi, bwawa likae wapi, nini kipandwe wapi. Akina mama walimwita Bibi Ramani.

Video ya mteremko ilipigwa na Kobe. Shangazi alisema mikono yake haitikisiki. Tatizo ni kwamba simu ya Shangazi ilikuwa imedondoka kisimani ikiwa ndani ya ndoo, na kamera ya nyuma ilibaki na ufa uliofanya kila kitu kionekane kama kipo nyuma ya utando wa buibui. Kobe akatumia kamera ya mbele. Alisimama chini barabarani, uso wa simu ukautazama mteremko na mgongo wa simu ukamtazama yeye. Hakuona inachochukua, lakini hakujali. Shangazi alisimama juu, akamwaga ndoo. Maji yakatambaa vumbini kama nyoka mvivu, yakapinda, yakanywewa na ardhi.

"Sema basi!" Shangazi alipaza sauti kutoka juu. "Waeleze wenzio!"

Shingo ilishaingia ndani. Kobe alipiga video yote bila kutoa hata sauti ya kukohoa.

Ramani ilipofika, Fundi Simu aliichapisha kwenye karatasi kubwa. Mitaro ilipita mmoja juu ya mwingine, yote ikishuka taratibu kuelekea mkono wa kulia, na kwenye pembe ya chini kulia palichorwa bwawa la kupokea maji. Shangazi aliikodolea macho.

"Kulia," alisema. "Mimi nilidhani..."

"Mama, huyu amepima ardhi maisha yake yote," Fundi Simu alimwambia. "Na maji ameyaona kwa macho."

Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akanyamaza. Yeye aliwaamini watu wa ramani, na watu wa ramani waliiamini video.

Wakachimba. Walichimba jua likiwaka, watoto wakiwa mgongoni na wengine wakicheza kwenye vifusi. Ardhi ilikuwa ngumu, majembe yakirudi juu yakilia. Mshonaji, mmoja wa akina mama hao, ambaye hakuwahi kushika kitu kizito kuliko mkasi, alitoka malengelenge, akayafunga kwa vipande vya kitambaa cha maua akaendelea. Mitaro ikakamilika, yenye kina sawa mwanzo hadi mwisho. Kwenye tuta la kila mtaro wakapanda mbaazi na nyasi za kushika udongo. Bwawa la kulia likachimbwa mpaka likamfika mtu kiunoni. Pembe ya kushoto hawakuigusa. Kwanza haikuwa kwenye ramani. Pili, mfyatua matofali, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, alikwisha kupanga hapo kuni za tanuri lake, rundo refu kuliko mtu.

* * *

Jumamosi moja mawingu yalianza kujikusanya upande wa milimani. Kibandani kwa Fundi Simu walibanana: Shangazi, Mshonaji, Kobe kwenye kona nyuma ya rafu ya chaja, na Baba Mdogo, ambaye alikuja kuchaji simu na hakuona sababu ya kuondoka.

Bibi Ramani alitaka kulinganisha ya zamani na ya sasa. Akaweka kwenye kioo cha kompyuta picha za mitaro mipya, na kando yake akaicheza ile video ya maji.

"Kumbe kitenge hiki kinanipendeza hivi!" Shangazi alisema. "Angalia nilivyosimama. Kama bibi harusi."

"Bibi harusi wa ndoo," alisema Baba Mdogo.

Wakacheka. Kobe hakucheka. Alikuwa akitazama mkono. Shangazi wa kwenye video aliinua ndoo, akaishika kitako, akamwaga. Aliimwaga kwa mkono wa kulia.

Video ikarudiwa. Mkono wa kulia tena.

Kobe alimtazama Shangazi aliyekaa mbele yake. Alikuwa ameshika kikombe kwa shoto, kama alivyoshika kila kitu maishani mwake. Mwanamke huyu hakuwahi kumwaga hata maji ya kunawa kwa mkono wa kulia. Maji ya kwenye video yalipinda kulia. Mkono uliokuwa kulia kwenye video, duniani ulikuwa kushoto. Basi na maji.

Alijua kitakachotokea akinyamaza. Mvua itakuja, mitaro itayakusanya maji yote na kuyapeleka kushoto, mahali ambapo hapakuwa na bwawa, palikuwa na kuni tu, na chini ya kuni barabara, na ng'ambo ya barabara mlango. Alijua pia kitakachotokea akisema. Baba Mdogo alikuwa hapo hapo, amekaa juu ya debe, masikio wazi.

Kichwa kilianza kuzama. Kidevu kilifika karibu na kifua. Kisha Kobe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaishika shingo yake mwenyewe kwa mkono, kama mtu anayeinua mfuniko, akainyanyua.

"Shangazi ana shoto," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Hakuna aliyesikia isipokuwa Mshonaji.

"Nini, mwanangu?"

"Shangazi ana shoto!" Sasa ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, hata kuku aliyekuwa mlangoni akakimbia. "Lakini mle anamwaga kwa kulia. Video imegeuka. Nilitumia kamera ya mbele. Maji hayaendi kulia. Yanaenda kushoto. Tumechimba bwawa upande ambao siyo."

Fundi Simu aliichukua simu ya Shangazi, akaibonyeza hapa na pale, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Ni kweli. Simu hii kamera yake ya mbele inahifadhi kama kioo cha kujitazamia. Kushoto kunakaa kulia. Na mimi nimeitengeneza simu hii kwa mikono yangu!"

"Tafsiri," Kobe alimwambia. "Waambie."

"Niwaambieje?"

"Kama nilivyosema. Usitie chumvi."

Fundi Simu akawaambia. Kwenye vidirisha vya kompyuta nyuso zilisogea karibu. Mfuga nyuki alivua kofia. Bibi Ramani akaichukua ramani yake kutoka ukutani, akachechemea hadi dirishani, akaibandika karatasi kwenye kioo ikitazama nje. Mwanga wa kwao, mweupe kama maziwa, ukapita. Kwa upande wa nyuma mistari ilionekana yote, na bwawa likakaa kushoto.

"Anasema hii ndiyo ramani yenu," alisema Fundi Simu. "Anasema video ilikuwa haina sauti hata kidogo, naye aliona ajabu, lakini aliogopa kuuliza asije akaonekana anawadharau. Anasema samahani. Mimi sijaongeza kitu."

Mfuga nyuki naye akasema lake. Mitaro msiifukie, alisema. Imefuata ardhi, na ardhi inajua inakokwenda; itapeleka maji kushoto yenyewe. Ila yatakwenda kwa kasi, basi ndani yake wekeni vizuizi vya mawe, maji yapumzike njiani. Kinachotakiwa kuhama ni bwawa peke yake.

"Bwawa peke yake!" Baba Mdogo alisimama, akajipangusa suruali. "Mawingu yale pale. Na pembe ya kushoto ina kuni za mtu. Dada, mlichimba kulia, bakini na kulia. Mmeshindwa kwa heshima, hakuna atakayewacheka."

Shangazi alifungua mdomo, lakini Kobe alitangulia.

"Baba Mdogo, ulisema mvua ya kwanza."

"Eh?"

"Ulisema mvua kubwa ya kwanza. Hukusema mtaro wa kwanza. Mvua haijanyesha."

Baba Mdogo alimtazama binti huyu ambaye kwa miaka yote alimwamkia akiangalia vidole vya miguu. "Huyu ni nani anayeongea?" aliwauliza watu.

"Kobe," alijibu Mshonaji.

"Kobe ana meno?"

"Hana," Shangazi alisema, "lakini akikung'ata haachii."

Baba Mdogo akajikuna kisogo. "Kuni si zangu. Ongeeni na mwenyewe. Akikubali, chimbeni mpaka mtoke upande wa pili wa dunia. Mimi nasubiri mlangoni kwangu na beleshi."

* * *

Walianza jioni hiyo hiyo kumwaga ndoo, na safari hii walitazama kwa macho yao. Maji yakatambaa, yakapinda kushoto. Walibeba mapanga na majembe wakateremka.

Asubuhi mfyatua matofali alikuta akina mama wamezizunguka kuni zake. Alikuwa mtu mpana, ana vumbi la matofali hadi kwenye kope, na sauti yake ilitangulia kufika.

"Nani kawaruhusu? Kuni hizi zina mwenyewe!"

"Zina mwenyewe na hazina adabu," Shangazi akamrukia. "Zimelala kwenye shamba la watu kama mgeni asiyejua kuaga!"

"Mama, mimi na mdogo wako tumeongea!"

"Mdogo wangu alikuwa anajikojolea mpaka lini, unajua? Ndiye wa kuongea naye?"

Walikuwa wakielekea pabaya. Kobe alishuka kutoka kwenye tuta akasimama katikati yao. Usiku kucha alikuwa ameligeuza jambo moja kichwani, na sasa lilikuwa limeiva.

"Kaka, shikamoo."

Mfyatua matofali hakutegemea kuamkiwa katikati ya ugomvi. "Marahaba," alisema, sauti ikashuka yenyewe.

"Udongo wa pembe hii ni mzuri?"

"Mzuri? Ndio bora kuliko wote hapa. Unanata kama unga uliokandwa. Unadhani nilizipanga kuni hapa kwa ajili ya kivuli?"

"Basi chukua."

"Nini?"

"Sisi tunataka shimo. Wewe unataka kinachotoka kwenye shimo. Leta vijana wako, tuchimbe pamoja. Udongo wote utakaotoka ni wako, ubebe ukafyatue. Sisi tubakize shimo."

Mfyatua matofali alimtazama, akamtazama Shangazi, akayatazama mawingu. Kisha akaangua kicheko kilichomtoa vumbi mabegani.

"Kwa hiyo mimi nichimbe. Mvua isipowashinda, nina udongo wa tanuri zima. Ikiwashinda, nimeshaanza kazi yangu."

"Ndiyo."

"Wewe binti una akili mbaya. Nani kakufundisha?"

Kobe alishachukua gogo la kwanza.

Hawakupumzika tena. Vijana wa matofali walichimba kwa sululu, akina mama wakazoa, kuni zikahamia kando ya barabara. Watoto waliokota mawe ya vizuizi na kugombania nani ameleta kubwa. Lile shimo la kulia lililokosewa Mshonaji alilijaza majani makavu na samadi. "Litakuwa la mboji," alisema, "malengelenge yangu hayakupotea bure." Mfyatua matofali mwenyewe aliingia bwawani peku, akaikanyaga sakafu ya shimo kwa visigino jinsi anavyokanyaga udongo wa kazi, mpaka ikalainika na kubana.

"Hii sasa haivuji," alisema. Kisha akakumbuka yuko upande gani. "Lakini mtashindwa tu."

Kila mchana Kobe alipanda juu ya tuta na simu aliyoazimwa na Fundi Simu, kamera ya nyuma ikiwa nzima. Aliwaonyesha watu wa mbali. Mara ya kwanza alieleza kwa maneno matatu. Mara ya pili kwa sentensi. Baadaye Fundi Simu alilalamika kwamba koo la mkalimani linamkauka.

"Nimesimama barabarani, natazama juu," Kobe alisema kila mara kabla ya jambo lolote. "Kushoto ni kushoto kwangu."

Na Bibi Ramani, huko kwao, aliinua mkono wake wa kushoto kuonyesha kwamba amesikia.

* * *

Mvua ilikuja mchana, watu wakiwa wamekaa kula. Haikutuma manyunyu ya kubisha hodi. Iliporomoka kama gunia lililopasuka, na kwa muda mfupi mteremko wote ulikuwa unang'aa.

Kobe aliwapigia watu wa mbali, akaifunga simu ndani ya mfuko wa plastiki angavu, akatoka mbio. Shangazi nyuma yake, jembe mkononi. Akina mama wengine walitokea kila upande, nguo zimewagandama mwilini. Ng'ambo ya barabara, mlangoni kwake, Baba Mdogo alisimama na beleshi, na karibu naye chini ya mwavuli mfyatua matofali.

"Maji yameanza mtaro wa juu!" Kobe alipiga kelele kwenye simu. "Yanakwenda kushoto! Yamefika kwenye kizuizi cha kwanza, yamesimama, yanapanda, sasa yanaruka, yanaendelea! Mtaro wa pili nao! Mbaazi zimeinama lakini zimeshika!"

Sauti yake ilifika hadi barabarani. Baba Mdogo alitikisa kichwa kana kwamba maji yamemwingia masikioni.

Ndipo tuta la mtaro wa pili likaachia. Palikuwa mahali ambapo udongo ulikuwa bado mpya. Kwanza lilikuwa tundu la kidole, kisha la mkono, kisha bonge zima likameguka na maji mekundu yakaanza kushuka moja kwa moja kuelekea barabarani.

"Kushoto katikati! Shangazi! Chini ya miguu yako!"

Shangazi alitazama jembe, akatazama pengo, akaona jembe halitoshi. Akalitupa. Akageuka, akakusanya kitenge chake, akaketi ndani ya pengo kama mtu anayeketi kwenye kiti cha wageni. Maji yakamgonga mgongo, yakasita, yakarudi kwenye mtaro.

"Leteni viroba!" alifoka. "Mnangoja niote mizizi?"

Mshonaji na wenzake walikuja wakiteleza, wakikokota viroba vya mchanga. Walivipanga kumzunguka kushoto na kulia.

"Sasa nitoke vipi?"

"Usitoke kwanza, Dada mkubwa, wewe ndiye jiwe la pembeni!"

"Nikitoka hapa nitawaonyesha jiwe!"

Wakamvuta mikono miwili, wakasukuma kiroba cha mwisho mahali alipokuwa, na tuta likashika. Chini, bwawa la kushoto lilikuwa linapokea. Maji yaliingia mekundu na mazito, yakazunguka, yakatulia, udongo ukizama chini yake. Bwawa likapanda mpaka ukingoni. Kobe aliacha kuongea, kwa sababu kama lingefurika kwa nguvu, mlango ulikuwa pale pale. Likafika kwenye mdomo waliouacha wa kupunguzia maji, ule waliouwekea mawe na nyasi, na maji yakaanza kumwagika taratibu, mepesi, yakafuata ukingo wa barabara na kwenda zake mtoni.

Mvua ilipiga, ikapiga, ikachoka.

Ilipokatika, Baba Mdogo aliteremka kizingitini. Aliinama, akapitisha kidole mbele ya mlango wake. Akakiinua.

"Hili ni nini?"

Shangazi alishavuka barabara, anachuruzika, kitenge kimekuwa rangi moja na ardhi. Alikitazama kile kidole.

"Hilo ni tope la miguu yako. Ulikuwa unatoka na kuingia kama mwali aliyechoka kuwekwa ndani."

Baba Mdogo alitazama alama za viatu vyake. Akatazama barabara, ambayo mwaka wowote mwingine ingekuwa imefunikwa mpaka kwenye kifundo. Palikuwa na maji, na changarawe kidogo pembeni. Akatazama beleshi lake, safi, kavu kwenye mpini. Kisha akavuka barabara, akapanda hadi kwenye tuta lililotaka kuvunjika, na kwa beleshi lile lile akaanza kulisindilia udongo vizuri.

"Hapa mmeweka viroba kama wanawake," alisema.

"Ndivyo tulivyo," alijibu Mshonaji.

Bila kugeuka, alimwita mfyatua matofali. "Wewe! Kuni zako zilizobaki barabarani, zitoe kesho. Wenye shamba wanahitaji njia."

Mfyatua matofali alikunja mwavuli wake, akalitazama bwawa lililojaa pomoni. "Sakafu niliikanyaga mimi," aliwaambia waliokuwa karibu. "Msisahau kuwaambia hao Wazungu wenu."

"Si wote Wazungu," alisema Kobe. "Na nitawaambia."

Simu ilikuwa bado inaongea ndani ya mfuko. Akaitoa. Vidirishani watu walikuwa wamesimama, wengine wakipiga makofi yasiyosikika vizuri, mfuga nyuki akirusha kofia. Bibi Ramani alisema jambo, na Fundi Simu, aliyekuwa amefika akihema, amelowa kama kuku, akatafsiri.

"Anasema ameuona mteremko, ameona maji, ameona hata makalio ya Shangazi. Hayo ya mwisho nimeongeza mimi. Anasema anataka kumwona anayeongea."

Kobe alihisi shingo ikianza kazi yake ya zamani. Akaiacha ishuke kidogo, kisha akaiambia basi. Akabonyeza, kamera ya mbele ikafunguka, na uso wake uliolowa ukajaa kwenye kioo. Tope jekundu lilikuwa limemrukia shavuni.

"Mimi ndiye," alisema. "Tope liko shavu la kushoto. Mkiliona kulia, ni simu."